Jina la Mjukuu Halijafika

Kisiwa cha Nyumbani, Cocos
12 Februari 1989

Mdogo wangu Tijah,

Pokea salamu za nyumba nzima, ambayo siku hizi ni mimi na paka. Mzima ni paka. Mimi goti la kushoto linanisumbua, na likinisumbua najua mvua ipo njiani. Upepo wa wiki iliyopita uling'oa paa la jiko upande mmoja. Vijana wa jirani wakalirudisha siku ile ile, nikawapikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga, wakala kama waliojenga msikiti. Tangu biashara ya mbata ifungwe hakuna anayefua nazi tena. Wanaume wanafanya kazi za ushirika, wanapaka rangi nyumba zilizopakwa mwaka jana.

Sasa sikiliza. Kwa hesabu yangu, mwanangu Rosni yuko ukingoni. Barua hii ikikufikia huenda ameshajifungua, maana ndege ni moja kwa wiki na hali ya hewa ikikasirika hata hiyo hatuioni. Mtoto akipata jina, niandikie upesi. Usipige simu ya ofisini. Pale watu kumi wanasikiliza, na jina la mjukuu wangu sitaki nilisikie baada ya karani.

Unajua mwenyewe inavyokuwa huku: ukizaa unakuwa Mak au Pak wa mtoto wako wa kwanza, ukipata mjukuu unakuwa Nek wake, na jina la kuzaliwa linaachwa. Wenzangu wote tuliocheza pamoja wameshavuka. Mak Jamil, niliyemtangulia kuzaliwa, ana mwaka wa saba anaitwa Nek Suri, na jina hilo limemnenepesha. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki Mak. Juzi kwenye shughuli ya msiba akaniambia mbele ya watu, "Mak Rosni, wewe bado kijana, hebu inuka utuletee maji." Wakacheka wote, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikalia.

Wewe Mungu hakukujaalia mtoto, na ndiyo maana mpaka leo tunakuita kwa jina alilokupa mama. Sikusimangi, naandika tu lilivyo. Ila ndiyo maana najua utanielewa kuliko wote, mtu kungoja jina.

Na jambo la pili. Marehemu mume wangu aliposema tukupe Rosni aende huko akae nawe asome, alisema, "Miaka michache tu, Mak Rosni. Atarudi yuko sawa na watoto wa Kiingereza." Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Sasa ni miaka kumi na mitano mimi nazungumza na mlango. Kwa hiyo niambie ukweli wewe unayeishi kati yao: watu wetu huko wamewafikia Waingereza? Wamepata walichonacho wao? Nataka kujua nilichokitoa kimeleta nini.

Wako dada,
Mak Rosni


Katanning, kusini mwa Perth
6 Machi 1989

Dada yangu mpendwa,

Assalamu alaikum, pole na goti, pole na paa. Sisi tunaendelea. Joto la huku limekausha hata nzi. Mume wangu Hasim bado yuko machinjioni, zamu ya asubuhi, na vidole vyake vilivyokakamaa unavijua. Anakusalimu. Wamalei wote wa mtaani wanakusalimu.

Rosni amejifungua salama tarehe ishirini na saba. Mtoto wa kike. Mzito, ana nywele nyingi, sauti yake imefika barabarani. Rosni mzima, amechoka tu. Alhamdulillahi. Nililia mpaka nesi mwenzake Rosni akaniletea chai.

Mumewe, Graham, alimwadhinia sikioni, Kiarabu chake kikijikwaa kila hatua, lakini alifika. Mama yake, Bibi Beryl Thurlow, alikuja na maua na kofia. Alimwangalia mtoto muda mrefu, akasema, "Ana kidevu cha Kithurlow." Mimi nilikiona kidevu chako.

Umeniuliza kuhusu Waingereza. Kwanza wenyewe hawapendi kuitwa Waingereza, wanasema wao ni wa hapa. Lakini ukikaa na Beryl robo saa, atakueleza jinsi babu wa mume wake alivyotoka Suffolk, Uingereza, na plau mbili, akashuka hapa hakuna kitu. Pameandikwa jina lake kwenye daraja. Mimi huwa najiambia, sisi tuliwatangulia. Babu zetu waliletwa kisiwani kutoka Java na Bali na Bima miaka sitini kabla ya mzee huyo kupanda meli. Yeye alipofika alipewa ardhi mpaka macho yanapochoka. Babu zetu walipewa idadi ya nazi za kufua kwa siku. Wao wakahesabiwa waanzilishi, na sisi tuliokuja huku juzi tu tunaitwa wageni. Wenye nchi wa asili wanakaa ukingoni mwa mji, hao hata hawaulizwi.

Jina la mtoto bado wanazungumza. Vijana wa siku hizi wana mambo mengi. Nitaandika.

Mdogo wako,
Tijah


Kisiwa cha Nyumbani
3 Aprili 1989

Tijah,

Mungu akubariki kwa kunipa habari hii! Barua niliisomea mlangoni, karani bado ameshika kalamu ya kunisainisha. Nimefukiza ubani nyumba nzima. Nek Suri kaja, kanikumbatia, kaniuliza, "Haya, tukuiteje?" Nikamwambia ngoja boti ijayo, inayoleta barua kutoka uwanja wa ndege.

Boti ijayo imekuja, na ya baada yake. Hamna kitu.

Wazungumze nini wiki zote hizo? Jina si shamba. Au ni jina la Kiingereza mnaona haya kuniandikia? Kama ni hilo, toa wasiwasi. Kisiwa hiki kimeshabeba makubwa. Tuna Pak Parson, tuna Nek Haig, tuna yule marehemu aliyeitwa Saa kwa sababu alizaliwa siku Tuan, bwana mwenye kisiwa, alipoleta saa ya ukutani. Niletee Margaret, niletee Dorothy, nitalibeba. Nitalizoesha ulimi. Mtoto ni wa kwangu na jina ni la kwangu, hata likiwa na kona.

Kuku sita nimewatenga. Majani ya mnazi ya kufungia wali nimeyaweka kivulini. Siku jina likifika nitachinja, nitaita watu, Imamu atalitaja mara tatu, na kuanzia hapo hakuna atakayeniita Mak. Na Ramadhani ndiyo hii inaingia. Ingependeza Idi inikute nikiwa Nek wa mtu.

Arobaini yake ni Jumamosi hii. Mtamnyoa? Nani atamshika?

Rosni mwenyewe mbona haandiki hata mstari mmoja? Mwambie mama yake anamsalimu. Mwambie nampenda. Mwambie hivyo hivyo, kwa neno hilo, nilikuwa simwambii alipokuwa mdogo kwa sababu huku tulikuwa hatusemi.

Mak Rosni


Katanning
20 Mei 1989

Dada yangu,

Idi njema, na nisamehe yote, ya wazi na yaliyofichika. Najua nimechelewa. Mwezi wa Ramadhani ulinishika, halafu Hasim akawa na homa, halafu Idi yenyewe.

Ungeiona Idi ya huku ungefurahi. Tulianza msikitini kwenye ukungu, pumzi zinatoka kama moshi, kisha nyumba kwa nyumba, kila mtu akishikana mkono na kila mtu kuombana radhi. Hapakuwa na Mmalei aliyekula peke yake siku ile. Watoto walikula mpaka wakalala chini ya meza. Beryl alikuja asubuhi kutusalimu tu, akakaa jikoni kwangu mpaka magharibi, anamenya vitunguu na kofia yake kichwani. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Krismasi iliyopita nilikula na redio." Ana wana watatu. Mmoja yuko London, mmoja Perth, na Graham. Mzee wao alipokufa shamba likaenda kwa Graham peke yake, ndiyo desturi yao, ardhi haigawanywi. Tangu siku hiyo wale wawili hawajazungumza na Graham. Sisi hatuna cha kurithishana, kwa hiyo hatuna cha kugombania.

Lakini usifikiri nausifia umaskini. Uliniuliza ukweli, haya uchukue wote. Watoto wetu wa kiume wanaacha shule wakiwa na miaka kumi na mitano, kwa sababu machinjioni ukiingia Jumatatu, Ijumaa una mshahara. Wa Thurlow na wenzao wanapelekwa shule za bweni Perth na kurudi wakiwa wanasheria, au hawarudi. Wetu wana magari mapya wakiwa na miaka ishirini. Wakifika arobaini hawawezi kufunga vifungo vya shati. Hasim kijiko anakishika kwa mikono miwili. Kwenye ukumbi wa mji kuna ubao wa majina ya viongozi, nimeusoma wote nikisubiri kulipia maji, wa kwetu hayupo hata mmoja.

Katika wenzake waliokuja mwaka mmoja, Rosni tu ndiye aliyemaliza shule. Anaheshimiwa hospitalini. Wamempa wodi ya wazee. Wazee wa Kiingereza, Dada, wale ambao watoto wao wako mbali. Anawaosha, anawakata kucha, anawasomea barua. Juzi mmoja kamuuliza, "Binti, umetoka wapi?" Akamjibu, "Zamu ya usiku." Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Naambatisha picha ya mtoto. Ana afya.

Nisamehe kwa kuchelewa.

Tijah


Kisiwa cha Nyumbani
12 Juni 1989

Tijah,

Salamu. Mimi mzima.

Picha nimeipata. Nyuma yake hamjaandika kitu. Mtu hutuma picha ya mtoto bila kuandika jina? Hata kondoo wa huko nasikia wana alama sikioni.

Umeniandikia karatasi tatu. Umenieleza kofia ya Beryl, ubao wa ukumbi, kijiko cha Hasim. Yote nimeyasoma na yote yameniuma, hasa ya wazee. Nimefurahi mwanangu ana kazi ya heshima. Halafu nimekaa nikawaza, wazee wa Suffolk wanaoshwa na binti yangu, na mimi goti likizidi nitaoshwa na Nek Suri. Basi kumbe tumewafikia. Tumewafikia mpaka tumewabadilisha na wazazi wetu.

Nakuuliza swali moja, usinizungushe. Kuna neno Rosni amesema juu yangu? Kama lipo, liandike. Mimi si yai.

Kuku mmoja amekufa. Wamebaki watano.

Mak Rosni


Kisiwa cha Nyumbani
24 Julai 1989

Tijah,

Sijapata jibu, na sasa silihitaji.

Jumanne Pak Wahin karudi kutoka huko kwenu, alikokwenda kumwona mwanawe. Alikuja kwangu kabla hajafungua hata mizigo. Jikoni tulikuwa mimi, Nek Suri na wengine wawili, tunakuna nazi ya harusi. Kasimama mlangoni na tabasamu lake lile la meno mawili.

"Mak Rosni, nimekuletea salamu! Nek Rubiah anakusalimu sana. Amesema goti lipake mafuta ya karafuu."

Nikamwambia, "Nek Rubiah ndiye nani? Mbona simjui?"

Akacheka. "Wee! Unamkana mdogo wako? Si Tijah! Tijah wa zamani. Siku hizi mji mzima ni Nek Rubiah, Nek Rubiah. Hata Wazungu dukani. Na huyo Rubiah mwenyewe, mashavu hayo, kama mikate!"

Nek Suri akaacha kukuna. Kila mtu akaacha. Pak Wahin akatuangalia mmoja mmoja, tabasamu likamshuka. "Kumbe hamkuwa mnajua? Ah, mdomo wangu huu!"

Nikamwambia, "Mdomo wako hauna kosa, Pak Wahin. Kaa, unywe chai." Na kweli nikammiminia chai.

Wale wenzangu walidhani nimeumia kwa sababu umekuwa Nek kabla yangu, tena kwa mjukuu wangu. Hawakujua lililobaki. Wangelijuaje? Hilo lilikuwa jina la ndani ya nyumba yetu tu, na walioniita Rubiah wote wamezikwa. Mama, baba, mume wangu aliyeniita hivyo mwaka mmoja tu, mpaka Rosni alipozaliwa nami nikalivua jina kama wanavyolivua wanawake wote wa hapa. Duniani umebaki wewe tu unayejua kuwa mimi nilikuwa Rubiah.

Nilifikiri mnanificha jina la Kiingereza. Kumbe mmempa langu, halafu ukalivaa wewe.

Usiku ule sikulala. Sijui hata nakuandikia nini. Binti nilikupa. Ubibi umejichukulia. Na jina langu la utotoni mmelifuata mpaka lilikokuwa limelala, mkalitoa. Umeniachia nini, Tijah? Niambie kilichobaki, nikufungie nikutumie.


Katanning
15 Agosti 1989

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Salamu naona haya kukutumia. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikashindwa kukaa. Nimeianza hii mara nyingi. Nitaeleza yote, na usipotaka kunijibu tena, una haki.

Siku ya tatu baada ya kujifungua, Rosni alinipa mtoto akasema, "Mama, mchagulie jina." Ananiita Mama tangu mwaka wa pili wa kuja kwake, hilo unalijua, ulisema mwenyewe nisimkataze. Nilimwambia amwandikie mama yake achague. Akasema, "Nimekuambia wewe." Nikamwangalia yule mtoto, na kile kidevu, na neno likanitoka lenyewe. Rubiah. Sikupanga. Nilikuwa nakuona ukinibeba mgongoni kwenda kisimani. Nilifikiri, angalau hivi dada yangu atakuwepo ndani ya nyumba hii. Rosni akasema, "Zuri hilo, umelitoa wapi?" Nikasema nililisikia zamani. Beryl akafurahi kupita kiasi, kwa kuwa kwao Ruby ni jiwe la thamani, na Beryl nalo ni jiwe. "Sasa tuko wawili wa sanduku moja," akasema. Kila mtu alifurahi. Nikaingoja arobaini nikuandikie.

Arobaini ikafika. Tumeshafuturu, nyumba imejaa. Mtoto kanyolewa, akina mama wakauliza kama inavyoulizwa, "Haya, Nek Rubiah ni nani?" Nikajibu mimi, tena kwa sauti, "Ni dada yangu aliye kisiwani." Watu wakasema amina. Rosni akasema, "Hapana."

Nitakuandikia alivyosema, kwa kuwa ulisema wewe si yai.

Alisema, "Nek wa mwanangu ni huyu hapa. Nani alinipeleka shule siku ya kwanza, nimejikojolea kwa woga, akanivua sketi yangu akanivalisha kanga yake? Nani alinisuka? Nani alikaa na mimi nikiota naita boti?"

Nikamwambia, "Rosni, yule ni mama yako."

"Najua ni mama yangu. Angekuwa mtu baki ningeshamsahau." Alikuwa analia, mtoto mkononi. "Nilimwandikia kila wiki, nije likizo. Kila mara jibu moja: kaa, soma, uwe kama Waingereza. Haya, nimekuwa. Kwa Waingereza mtoto akikua anakata kamba, na mzazi anapigiwa simu Krismasi. Mwambie nimejifunza vizuri. Alichokitaka amekipata."

Watu walikuwa wanatazama chini. Halafu mzee mmoja, kwa kutaka tu kuponya aibu ile, akaniita. "Nek Rubiah, tuletee chai basi."

Dada, niliitika.

Ningeweza kukataa. Lakini nimeitwa Tijah miaka hamsini, kama mtoto anayetumwa dukani. Wasichana niliowabeba wamekuwa Mak, wamekuwa Nek, wananipita, mimi Tijah. Mara ya kwanza mtu ananiita jina la mtu mzima, mwili ukaitika kabla yangu. Na kila siku tangu hapo naitika, na kila ninapoitika nasikia aibu, na furaha vilevile. Sitakudanganya, furaha ipo.

Rosni mpaka leo hajui Rubiah ni nani. Nimefungua mdomo kumwambia mara nyingi. Unataka nimwambie? Labda akijua moyo utamlegea. Niamrishe, nitafanya. Ukitaka nisimame msikitini niseme wasiniite tena hivyo, nitasema Ijumaa.

Nihukumu utakavyo.

Tijah


Kisiwa cha Nyumbani
18 Septemba 1989

Kwa Nek Rubiah,

Nimeandika, na mkono haukukatika. Basi ndivyo utakavyoitwa, na mimi nakuita. Usisimame msikitini, usinitie aibu ya pili.

Nilikaa na barua yako wiki tatu. Siku ya kwanza nilikutukana, tena matusi ambayo mama angenipiga. Siku nyingine nilikushukuru. Leo sijui, kwa hiyo nimeona niandike leo.

Barua zake za likizo nazikumbuka. Baba yake ndiye aliyekuwa akizijibu, na mimi nikimwambia, "Mwandikie aje." Anasema, "Akija hatarudi shule, utakuwa umemharibu." Na nauli hatukuwa nayo, na wakati ule aliyetoka kisiwani hakuwa na hakika ya kupokewa tena. Nilitaka awe na maisha kama yao. Nilimwona yule mama wa Kiingereza wa Kisiwa cha Magharibi anavyovaa viatu, anavyojibu watu bila kuinamisha kichwa, nikasema mwanangu naye ataongea hivyo. Haya, ameongea hivyo. Mbele ya nyumba iliyojaa, bila kuinamisha kichwa. Sijui nicheke au nilie, nimefanya vyote.

Kwa hiyo usinitafutie tena nani kafika mbele, sisi au wao. Beryl ana ardhi, anakula na redio. Mimi nina kisiwa kizima kinachonijua, nala na paka. Yeye angalau mjukuu anamwona.

Rosni ana haki ya kukasirika, na mimi nina haki ya kuumia. Usimwombee msamaha kwangu wala usiniombee kwake. Na hilo uliloniuliza, nimeliwaza kuliko yote. Usimwambie. Usimwambie kamwe Rubiah alikuwa nani. Unadhani moyo utamlegea, na mimi najua mwanangu, ana ukaidi wa kwangu. Akijua ni jina langu, atalibadilisha. Mwache amwite. Mwache aliimbe akimbembeleza, alitaje akimwogesha. Hajawahi kuniita kwa upole tangu ana miaka kumi na mmoja, na sasa ananiita kila siku bila kujua. Usininyang'anye na hilo.

Kuku nimewachinja. Nilialika watu, wakaja wote, wakafikiri ni shughuli ya jina. Tulipokwisha kula, Nek Suri akaniuliza, safari hii bila mzaha, amenishika mkono, "Dada yangu, sasa tukuite nani?"

Nikawaambia waendelee kama zamani. Nikawaambia mimi nina mtoto mmoja, yuko hai, ana afya, ana nyumba yake, anaosha wazee wa watu kwa huruma. Hiyo inatosha jina. Nitazikwa nalo.

Rosni hataulizia hali yangu, najua. Lakini ikitokea siku akauliza mama yake huko wanamwitaje, mwambie, "Bado anaitwa kwa jina lako, Rosni, asubuhi mpaka jioni, na kila akiitwa anaitika."

Dada yako,
Mak Rosni